Hongera Misheni ya Bagamoyo

Njia ya miembe inayotoka baharini kuelekea misheni ya Bagamoyo huitembei kwa haraka. Kivuli chake kinakutuliza kabla hujafika kanisani.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza hapa mwaka 1868, wakifungua kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Februari 1874 mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone ulilazwa katika mnara wa kanisa la zamani, baada ya wasaidizi wake Susi, Chuma na wenzao kuusafirisha kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Sifa za safari hiyo nawapa wabebaji hao kwanza.

Ninachowapongezea watunzaji wa leo ni uangalifu wao. Mbuyu mkongwe bado umesimama na mnyororo wa chuma shinani, ule ambao inasimuliwa ulifungiwa punda. Gome limeumeza, zimebaki pete chache tu nje, na ukizigusa kidole kinakutana na chuma na mti kwa pamoja. Wangeweza kuuchomoa. Hawakuthubutu, na walifanya vyema.

Groto ya Bikira Maria inafagiliwa, makaburi yanapaliwa. Makaburini humo wamelala wamisionari waliokufa wakiwa vijana mno, wengi kwa malaria. Jumba la zamani la masista sasa ni makumbusho, na Mwislamu wa mjini anakaribishwa sawasawa na hujaji wa Kikatoliki.

Nawe msomaji, ukifika Bagamoyo usiishie ufukweni: pita makaburini, usome miaka iliyoandikwa kwenye misalaba.