Kuchagua Kitabu cha Kanzidata

Kuna ufundi usiotajwa sana: kukishika kitabu kinene cha kompyuta na kujua, kabla hujatoa hela, kama kitakufundisha kitu. Kwa tunaoishi Songea ufundi huo una faida yake, maana kitabu cha kanzidata kikiagizwa Dar es Salaam na kupakiwa kwenye basi, kikifika ni chako, kizuri kibaya.

Wengi hutazama mwaka wa kuchapwa. Lakini msingi wa fani hii uliwekwa mwaka 1970, pale Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa IBM huko California, alipopendekeza data zipangwe kwa majedwali, na anayeziuliza asihangaike kujua zimekaaje ndani ya mashine. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa IBM pia, wakaeleza lugha ya kuyauliza majedwali hayo, iliyokuja kuwa SQL. Kitabu cha miaka 20 kinachoeleza jedwali vizuri bado kizima. Kinachochakaa upesi ni kile cha kukuonyesha ubofye wapi kwenye toleo fulani la programu.

Mimi hufungua faharasa kwanza, nikatafuta NULL. Tuseme chama cha ushirika (AMCOS) cha ufuta kule Namtumbo kina wakulima watatu daftarini. Mmoja kapima kilo 300. Wa pili mzigo wake wote umekataliwa kwa uchafu, kaandikiwa sifuri. Wa tatu hajafika mizani, nafasi yake iko wazi: hiyo ndiyo NULL. Ukiomba wastani, SQL humhesabu wa pili na kumruka wa tatu: jibu ni 150, si 100. Mwandishi anayelipita jambo hili kwa sentensi moja, mrudishe rafuni.

Kisha mifano. Chris Date, ambaye kitabu chake An Introduction to Database Systems kilitoka mara ya kwanza mwaka 1975, ana wauzaji wake wa London, Paris na Athens, na vipuri vyao, nati na bolti na skrubu. Ni majedwali machache madogo, lakini anakaa nayo kurasa kwa kurasa, akiyauliza kila namna, na hapo ndipo ninapompendea. Weka Mbinga na Tunduru mahali pa miji ile, kahawa na korosho mahali pa nati, hoja zake zote zinasimama vilevile. Kigumu, sikatai, si cha mtu ambaye hajaandika hata swali moja la SQL.

Huyo aanze na kitabu chembamba chenye mazoezi na majibu, pamoja na SQLite, programu ya bure inayoweka kanzidata nzima katika faili moja na kukubali hata kompyuta kuukuu. Baadaye apakue mwongozo wa PostgreSQL, nao wa bure, ausome bila bando. DHIS2, mfumo unaopokea takwimu za MTUHA kutoka vituo vya afya nchini, hutumia PostgreSQL, kwa hiyo hasomi kitu cha mbali. Sehemu ya miamala aipeleke steshenari ichapwe kabisa. Humo ataona kwa nini, umeme ukikatika kilo zimeshapunguzwa ghalani lakini malipo ya muamala huohuo hayajaandikwa, mashine ikiwaka tena kilo zinasomeka kama zilivyokuwa.