Kufuli kwa Mnunuzi, Dirisha kwa Mwizi

Tarehe 26 Februari 2025 Amazon iliondoa kitufe kimoja kwenye akaunti za wasomaji wa Kindle, kifaa chake cha kusomea vitabu vya kidijitali: kile cha kupakua kitabu ulichonunua na kukihamisha kwa waya wa USB. Nimeupima uamuzi huo kwa kila upande, na kila nikirudi nakuta jibu ni lile lile. Walikosea. Walifunga mlango aliokuwa akipitia mnunuzi, na mwizi hawakumgusa.

Wenye Kindle mnaujua utaratibu. Unaingia kwenye akaunti kwa kompyuta, unakitafuta kitabu kwenye orodha ya ulivyonunua, unachagua kifaa chako, faili linashuka. Unachomeka waya, Kindle inajitokeza kama flashi, unaliburuta faili hadi kwenye folda yake, unachomoa. Umemaliza. Na faili hilo halikuwa wazi. Lilikuwa na DRM, yaani kufuli la kidijitali, limefungwa kwa ufunguo unaotokana na namba ya kifaa chako, hivyo hata ukimpa jirani mwenye Kindle yake halikufunguka. Lakini lilikaa kwenye diski yako, sebuleni kwako, hata siku ambayo bando limekata.

Sababu ya kiufundi haifichiki. Njia ya USB ilitoa faili la aina ya zamani, AZW3, ambalo kufuli lake lilivunjwa miaka mingi iliyopita kwa programu za bure. Vitabu vinavyoshuka kwa Wi-Fi kwenye vifaa vipya huja kwa aina mpya ya faili, KFX, na kufuli la KFX ni gumu zaidi. KFX ni kazi nzuri ya wahandisi, sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni na hesabu ya Amazon. Kufuli la kitabu halifanani na kufuli la duka. Duka likivunjwa leo, kesho unabadilisha kitasa na bidhaa zilizobaki ziko salama. Kitabu kikifunguliwa mara moja na mtu mmoja, popote duniani, nakala hiyo haina kufuli tena na inazaa nakala nyingine bila kikomo. Kwa hiyo haitoshi kuwazuia watu 99 kati ya 100. Yule mmoja aliyebaki anatosha. Tena mfumo huu una kasoro ya kuzaliwa: ili msomaji asome, ni lazima ufunguo uwe ndani ya kifaa chake. Umempa sanduku, na ufunguo umeuficha ndani ya sanduku hilo hilo. Mwenye nia na muda ataupata.

Na asipoupata, anatafuta njia nyingine. Kumbukeni Julai 2007, kitabu cha mwisho cha Harry Potter. Toleo halali la kidijitali halikuwepo kabisa, maana J.K. Rowling alikuwa hajaruhusu kitabu chake hata kimoja kuuzwa hivyo. Bado picha za kurasa zake, ukurasa kwa ukurasa, zilisambaa mtandaoni kabla ya siku ya kutoka. Mwizi alihitaji kamera tu. Leo kila mtu anayo mfukoni.

Yamenikuta mwenyewe. Nilinunua kitabu cha sheria za ardhi kupitia programu ya muuzaji mmoja, nikalipa kwa simu. Simu ile ikaingia maji. Nilipopata nyingine, programu ikanijibu kwamba akaunti yangu imesajiliwa kwenye kifaa kingine. Wiki mbili nikawa napiga simu na kuandika barua pepe. Katikati ya wiki hizo mdogo wangu akanirushia kitabu kile kile kwa WhatsApp, PDF nzima. Nilipoifungua nikaona ni kitabu cha karatasi kilichopigwa picha: kurasa zimekaa upande, na kwenye ukingo wa karibu kila ukurasa kuna kidole gumba cha mpigaji, kucha yake imepasuka. Mtu huyo hakuligusa kufuli lolote. Kufuli lilinishika mimi niliyelipa.

Sasa rudini kwenye kitufe cha USB na muulize: kilikuwa kikimsaidia nani? Kwanza, wenye Kindle za mwanzo, ile ya 2007, ya pili na DX za 2009. Hazina Wi-Fi. Zilitegemea mtandao wa simu, na mitandao hiyo ya zamani Marekani imeshazimwa. Waya ndio uliokuwa umebaki wa kuwafikishia kitabu kipya walichonunua. Pili, anayeishi mahali intaneti inakuja na kuondoka. Tatu, mtu mwangalifu anayetaka akiba, na huyu ana haki ya kuwa mwangalifu. Julai 2009 Amazon hiyo hiyo iliingia kwenye vifaa vya watu kwa mbali na kufuta 1984 na Animal Farm vya George Orwell, kwa kuwa aliyeviuza hakuwa na haki. Pesa zilirudishwa, na siku chache baadaye Jeff Bezos, mkuu wake wakati huo, aliomba radhi hadharani. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na ilipofika Julai kila kilichonunuliwa humo kikaacha kufunguka. Walirudisha pesa, lakini kwenye rafu hakikubaki kitu.

Kufuli humbana mwaminifu na kumwacha mwizi. Sisi tulishapewa somo hili kwenye muziki. Mwaka 2013 Tanzania ilianza kubandika stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu. Stempu ilikaa kwenye kasha. Nyimbo zenyewe zilikuwa vibandani, zikirushwa kwenye memori kadi na flashi za vijana, na huko hakuna aliyeuliza stempu. Aliyebeba gharama na usumbufu ni yule aliyetaka kuuza kihalali.

Waliolielewa jambo hili walikuwepo, na nawakumbuka kwa heshima. Eric Flint, mwandishi wa Marekani, aliishawishi kampuni ya Baen kutoa baadhi ya vitabu bure mtandaoni, bila kufuli, akiamini kwamba msomaji aliyeonja atarudi kununua. Mwaka 2012 Tor, wachapishaji wa riwaya za sayansi ya kubuni, waliondoa DRM kwenye vitabu vyao vyote. Mwaka mmoja baadaye tawi lao la Uingereza likaeleza kwamba halikuona ongezeko la maana la wizi. Mwaka huo huo wa 2012 Rowling akafungua duka lake, Pottermore, na hiyo kwangu ndiyo kazi bora kuliko zote. Faili halikuwa na kufuli. Lilikuwa na alama ya mnunuzi iliyofumwa ndani yake. Soma kwenye kifaa chochote, weka akiba, badilisha simu. Ila nakala ikionekana pabaya, inajulikana ilitoka kwa nani. Hata Amazon ilikubali kuwapeleka wateja wake kununua kwenye duka hilo.

Alama nayo huondolewa na fundi, najua. Tofauti ni kwamba ikishindwa, aliyelipa hadhuriki.

Kwa hiyo nawaomba waandishi na wachapishaji wetu, hasa mnaouza PDF kwa WhatsApp na kupokea malipo kwa simu: msiige la Amazon. Andikeni jina na namba ya mnunuzi chini ya kila ukurasa kabla ya kumtumia. Toeni toleo la kidijitali siku ile ile ya toleo la karatasi, kwa sababu siku mnayochelewa ndiyo siku ya yule wa kidole gumba. Wekeni bei ambayo mwanafunzi anaimudu bila kukopa. Mkiikuta nakala haramu, daini iondolewe, na mjue alama inamtaja nani. Kisha mpeni mnunuzi kitabu chake akae nacho. Amelipa, ni chake.