Dzombo Aliruka, Ila Mwili Wake Uko Wapi?

Kwenye hadithi zetu, anayeruka huwa ana kesi ya kujibu. Bibi wa ungo huruka usiku, na akidondoka juu ya paa la watu, magazeti ya udaku yanashinda naye wiki nzima. Dzombo naye, kwenye Walenisi ya Katama Mkangi (1995), haruki kwa kupenda. Amehukumiwa kifo, na chombo cha kurushwa angani ndicho kitanzi chake. Ile raha ya kuelea juu ya mabati ya jirani, ambayo wengi wetu tumeiota tangu utoto, huwa naitafuta kwenye riwaya zetu na kuikosa.

Safari hii nimeirudia Walenisi nikiwa Mafia, na kisiwa kimenifanya niwe mkali kwa kitabu ninachokipenda. Ndege ndogo ya kutoka Dar inakufikisha Kilindoni kwa kama nusu saa, lakini humo huruki, umekaa tu na mkanda umekubana. Kuruka kwenyewe kuko majini. Kwenye Ghuba ya Chole, mpiga mbizi akishajisawazisha vizuri hazami wala hapandi. Akivuta pumzi anainuka kidogo, akiitoa anashuka. Potwe, samaki yule ambaye wengine pwani humwita papa shilingi kwa madoa yake, anapita na tani zake zote kama hana hata kilo moja.

Wanaanga wenyewe hujifunzia kazi za nje ya chombo ndani ya bwawa, kule Houston, lenye kina cha mita 12. Si sawasawa kabisa, maana majini sikio la ndani bado linajua chini ni wapi. Angani halijui. Na si kwamba mvutano wa dunia umeisha huko: kwenye kimo cha kilomita 400 bado upo kwa takriban asilimia 90. Chombo na watu wake wanaanguka pamoja, muda wote, wakiizunguka dunia bila kuigonga.

Hapo ndipo ninapomdai Mkangi. Jina la kitabu ni "wale ni sisi", na anachokitaka ni jamii isiyo na wa juu na wa chini. Alikuwa mwanasosholojia, serikali ya Moi ilimweka kizuizini miaka ya 1980, kwa hiyo haraka yake ya kutufikisha Walenisi naielewa. Ila jamani, njiani kuna mahali ambapo juu na chini havipo kweli, na tumbo linalijua hilo kabla ya kichwa! Nikifunga kitabu nabaki na mijadala ya Walenisi, wala si mwili wa Dzombo. Mtu aliyebebeshwa hukumu ya kifo, ghafla hana hata uzito wake mwenyewe wa kubeba. Kurasa mbili tu zingetosha.

Na si kwamba anga lilikuwa mbali naye. Kwenye pwani yake hiyohiyo ya Kenya, karibu na Malindi, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco tarehe 12 Desemba 1970.

Msomeni Mkangi hata hivyo. Mimi namsubiri mwandishi wa Chole au Jibondo, kama yupo, atakayeanzia majini.