Kizazi Kinapotazamwa kwa Mbele

Mwanamke wa Bomang'ombe ambaye mimba zimemtoka mara kadhaa anaweza kufika hospitalini Moshi na picha ya HSG, yaani eksirei inayopigwa dawa ikishaingizwa kwenye kizazi. Picha hiyo huonyesha vizuri kama mirija imeziba, jambo zito hapa kwetu, maana maambukizi yanayoziba mirija ni chanzo kikubwa cha ugumba Afrika. Lakini dawa ikigawanyika juu mfano wa V, HSG haiwezi kutofautisha kizazi chenye ukuta ndani na kizazi chenye pembe mbili, kwa sababu huona dawa tu, haioni nyama inayoizunguka.

Tofauti hiyo ina uzito. Ukuta wa ndani hukatwa kwa kifaa chenye kamera kupitia mlango wa kizazi. Ukifanya hivyo kwenye pembe mbili, unaweza kukitoboa kizazi.

Ultrasaundi ya kawaida ya ukeni hukionyesha kizazi kwa urefu na kwa upana, ila sura ya mbele huikosa. Ya pande tatu hufagia eneo zima kwa sekunde chache, mgonjwa akiwa ametulia, na kompyuta huhifadhi ujazo mzima. Mpimaji huuzungusha hadi mstari wa utando wa ndani ya kizazi ulale sawa, ndipo sura ya mbele hujitokeza, umbo la nje la kizazi likionekana pamoja na uwazi wake. Nusu ya pili ya mzunguko wa hedhi ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa utando umenenepa.

Kisha huchorwa mstari kati ya matundu ya mirija, na kina cha mbonyeo unaoshuka ndani ya kizazi hupimwa kutoka hapo. Hapo ndipo wataalamu wanapoachana. Wa Ulaya, tangu 2013, huuita mbonyeo huo ukuta ukizidi nusu ya unene wa nyama ya kizazi. Wa Marekani, tangu 2021, hutaka kina kizidi sentimita 1 na pembe ya mbonyeo iwe chini ya nyuzi 90. Nyama ikiwa milimita 10 na mbonyeo milimita 7, Ulaya watasema ukuta upo, Marekani watasema haujafikia.

Nao upasuaji wenyewe haujathibitika. Jaribio la TRUST la 2021, dogo, la wanawake wapatao 80, lilikuta waliokatwa ukuta waliojifungua mtoto hai ni asilimia 31, wasiokatwa 35.

Kwa hiyo ripoti isiishie kwenye jina la tatizo. Iandike kina, pembe, umbo la nje na kigezo kilichotumika, ili daktari apime mwenyewe kama kuna haja ya kukata.