Mcheza Kwao na Mtunzaji Wake: Kuhusu Bendi Chipukizi

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, hazipatani. Ya kwanza husema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ya pili husema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Ikiwa ya kwanza ni kweli tupu, basi bendi changa yenye muziki mzuri haihitaji mtu wa kuisemea. Ubora wake utaifikisha mbali. Lakini ikiwa ya pili ndiyo kweli, basi ubora peke yake hautoshi, kwa sababu kutunza ni kitendo cha mtazamaji. Ni yeye anayeinuka kitini, akaingia uwanjani na kumtuza mchezaji mbele ya watu. Makala haya yanashika upande wa methali ya pili. Yanadai kwamba bendi chipukizi hufa au huishi kwa kadiri ya masikio yanayoisikiliza ikiwa bado changa, na kwamba uhakiki wetu wa muziki umekuwa na desturi mbaya ya kuinuka kitini wakati ngoma imekwisha.

Misugusugu ni kata ya Kibaha iliyo kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro. Miji hiyo miwili ina sifa kubwa katika historia ya muziki wa dansi nchini. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na NUTA Jazz. Morogoro ndiko alikovuma Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba, na baada yake Mbaraka Mwinshehe, aliyejulikana kwanza na Morogoro Jazz kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973. Sisi tulio katikati ya miji hiyo tulizoea kuyaona magari yakipita na kuzisikia bendi hizo redioni. Muziki, kwa mawazo yetu, ulikuwa kitu kinachotoka mjini.

Ndiyo maana nilishangaa, katika sherehe moja ya kuwaaga wanafunzi hapa Misugusugu, nilipowaona vijana wanne wakipanda jukwaani na gitaa moja la umeme, gitaa jingine la kawaida, na dramu iliyofungwa kwa kamba. Walipiga roki. Gitaa halikuwa limelinganishwa sawasawa, na mwimbaji alikuwa na haya. Lakini wimbo wao wa tatu ulikuwa kitu kingine. Ulimhusu mama anayeuza machungwa usiku kwa madereva wa malori, na mtoto wake anayehesabu taa za magari ili asilale kabla mama hajarudi. Nyuma yangu mzee mmoja akasema, "Watoto hawa wanatuimbia Uzungu." Watu wakacheka. Hakuna aliyewatunza, na mimi mwenyewe, ambaye hupenda kujiita mhakiki, sikuinuka. Mwaka uliofuata niliambiwa kwamba gitaa la umeme lilikuwa limeuzwa na bendi imevunjika. Makala haya ni sehemu ya kulipa deni hilo.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuueleze muziki wenyewe. Roki ni muziki wa magitaa ya umeme na dramu uliopata umbo lake Marekani katika miaka ya 1950, ukiwa na mizizi katika nyimbo za watu weusi wa nchi hiyo. Roki huru ni tawi lake ambalo wanamuziki hurekodi na kuuza kazi zao wenyewe, au kwa msaada wa makampuni madogo, pasipo kuyategemea makampuni makubwa. Emo ni tawi jingine, lililochipuka Washington katikati ya miaka ya 1980. Jina lake limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya hisia, na mwimbaji wake huanika huzuni, upweke na aibu yake bila kujificha. Watu wa Pwani hawana sababu ya kulistaajabia jambo hilo la mwisho. Taarabu imebeba maumivu ya moyo kwa muda mrefu kuliko umri wa roki. Kigeni hapa ni chombo na mdundo. Kilio ni cha binadamu wote.

Hoja ya mzee yule, hata hivyo, si ya kudharauliwa. Ina historia. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya tarehe 10 Desemba 1962 alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wengi wetu tulijua kucheza rumba, chachacha na twisti kuliko ngoma za makabila yetu. Masikitiko yale yalikuwa ya haki, kwani ukoloni ulikuwa umetufundisha kuona haya kwa ajili ya vitu vyetu. Lakini wengi wanaoikumbuka sehemu hiyo huisahau nyingine ya hotuba ile ile, ambamo Mwalimu alisema kwa ukali kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka kwa mataifa mengine ni taifa la wapumbavu. Alichokataa ni kuacha cha kwetu. Hakukataa kuchukua cha wengine na kukifanya chetu.

Watekelezaji hawakuzishika sehemu zote mbili kwa uzito sawa. Mwezi Novemba 1969, uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati ule uliujumuisha mji wa Dar es Salaam, ulipiga marufuku muziki wa soul katika mji huo. Sababu zilizotolewa zilihusu maadili ya vijana na kulinda utamaduni. Magazeti yakajaa mabishano ya wasomaji. Swali ambalo halikuulizwa vya kutosha ni hili: je, vijana wanaoupiga muziki huo wanauiga tu, au kuna kitu wanachokitengeneza ndani yake? Swali hilo haliwezi kujibiwa na amri. Hujibiwa na mtu aliyeketi na kusikiliza.

Jibu moja lilitolewa na bendi ya Sunburst. Bendi hii iliundwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Iliuchukua muziki wa roki na soul, ikauchanganya na midundo ya Afrika Mashariki na ya Kati, na mtindo wao wakauita Kitoto. Jina hilo lina mafunzo. Vijana hawa hawakuuona utoto wao kuwa kasoro. Waliufanya kuwa bendera yao. Redio Tanzania Dar es Salaam iliwarekodi. Mwaka 1976 ilitoka santuri yao ndefu, Ave Africa, iliyorekodiwa nje ya nchi, huko Zambia. Baada ya hapo bendi ikanyamaza, na jina lake likafifia hata miongoni mwa walimu wa muziki. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ilizikusanya rekodi zao za 1973 hadi 1976 na kuzitoa upya. Wasikilizaji wa Ulaya wakawasifu kama watu waliogunduliwa. Lakini mtu hagunduliwi mahali ambapo alikuwa akipiga muziki hadharani. Kilichogunduliwa mwaka 2016 ni usahaulifu wetu.

Je, kosa lilikuwa la nani? Ni rahisi kuilaumu redio, lakini ukweli una pande mbili. Redio Tanzania, ambayo kazi yake leo inaendelezwa na TBC, ilifanya jambo ambalo mataifa mengi hayakulifanya. Iliwaita wanamuziki wa mikoani studioni, ikawarekodi kwa vinasa sauti vyake, na kuwasikilizisha nchi nzima. Bendi za Tanga na Tabora zilijulikana kwa sababu ya mlango huo. Upande wa pili ni kwamba mlango ulikuwa mmoja. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 hapakuwa na redio nyingine Tanzania Bara. Maneno ya nyimbo yalipimwa kabla ya kurekodiwa, na wimbo uliokataliwa haukuwa na pa kwenda. Nchini hapakuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi.

Tena kulikuwa na suala la vyombo. Magitaa, vipaza sauti na saksafoni viliagizwa kwa fedha za kigeni, nazo zilikuwa haba. Bendi nyingi zilizodumu ni zile zilizomilikiwa na vyama na mashirika: NUTA ilikuwa na bendi yake, Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz, na Jeshi la Polisi, Jeshi la Kujenga Taifa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam nao walikuwa na zao. Mpango huu uliwapa wanamuziki mshahara na heshima ya kazi, na matunda yake tunayasikia hadi leo. Lakini bendi ya vijana wasio na mwajiri ilibaki kuazima. Mwenye chombo ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu kitakachopigwa. Kwa hiyo, neno "huru" katika roki huru si pambo. Linatuuliza nani anamiliki gitaa.

Hali ya leo ni tofauti, lakini kasoro imebaki. Kijana aweza kurekodi chumbani kwa kompyuta, wala hahitaji fedha za kigeni wala kibali cha kuingia studio. Bado anahitaji msikilizaji. Tazama mifano miwili. Katika mtaa wa Mburahati, Dar es Salaam, vijana wa studio ya Sisso waliutengeneza muziki wa singeli kwa vyombo hafifu. Santuri iliyoutambulisha kwa wasikilizaji wa nje, Sounds of Sisso, ilitolewa mwaka 2017 na kampuni ndogo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes. Kampuni hiyo hiyo mwaka 2020 iliitoa kazi ya kwanza ya Duma, vijana wawili waliotokana na kundi la wapenda roki nzito wa Nairobi. Si vibaya Kampala kuwasikia vijana wa Dar es Salaam na Nairobi. Huo ni ujirani mwema. Kibaya ni kwamba wenyeji wengi walianza kuwaheshimu vijana hao pale tu waliposikia kwamba wanasifiwa Ulaya.

Tukirudi Washington, tutaona njia nyingine. Vijana waliouanzisha muziki ulioitwa baadaye emo hawakungoja kugunduliwa. Kampuni ya Dischord, iliyotoa santuri ya bendi ya Rites of Spring mwaka 1985, ilianzishwa na wanamuziki vijana wa mji ule ili kuhifadhi muziki wa mji wao wenyewe. Waliwarekodi jirani zao na kuuza kwa bei nafuu. Msomaji aliyesoma habari za kujitegemea ataitambua siasa hiyo mara moja. Hatuna haja ya kuuiga muziki wao ili tujifunze mpango wao.

Sasa tuje kwenye kazi ya mhakiki. Kuitetea bendi changa si kuisifu ovyo. Sifa zisizo na kipimo huwadanganya vijana na kuwachosha wasikilizaji. Tuitumie mizani ile ile tunayoitumia darasani kupima riwaya na ushairi, yaani fani na maudhui. Tuwatazame tena wale vijana wanne. Kwa upande wa fani, walikuwa na upungufu mkubwa: dramu iliwatangulia waimbaji, na nyimbo zao mbili za mwanzo zilikuwa nakala za nyimbo za kigeni, hata matamshi. Hapo mzee yule alikuwa na haki. Katika wimbo wa tatu, hata hivyo, walikuwa wameachana na nakala. Mpigo wa gitaa uliorudiwarudiwa uliwakilisha malori yanayopita. Kila ulipokatika, mwimbaji alitaja hesabu ya taa. Fani ilikuwa imeyabeba maudhui. Na maudhui yenyewe yalikuwa ya Misugusugu, ya watu wanaoishi kwa barabara ambayo haisimami kwa ajili yao. Sijapata kuusikia wimbo mwingine juu ya jambo hilo, wala katika dansi, wala katika bongo fleva. Wimbo huo ulikuwa wa kwetu kuliko nyimbo nyingi zinazopigwa kwa ngoma za asili mbele ya wageni rasmi.

Hapa ndipo penye kipimo ninachopendekeza. Tusiulize kwanza gitaa limetoka wapi. Gitaa la Mbaraka Mwinshehe halikuchongwa Morogoro, na jina la Cuban Marimba linajieleza lenyewe. Tuulize chombo hicho kimetumika kusema nini ambacho hakijasemwa, na kama namna ya kukisema inalingana na kinachosemwa. Bendi inayojibu vema swali hilo yastahili kutetewa hata kama sauti yake bado inatetemeka. Bendi inayoshindwa yafaa iambiwe hivyo, kwa heshima na kwa sababu zilizotajwa.

Walimu wana nafasi kubwa katika jambo hili, maana mwalimu huwasikia vijana miaka mingi kabla ya redio. Shule yaweza kuwa na daftari la kuandika majina ya bendi za wanafunzi, maneno ya nyimbo zao, na siku walizopiga. Simu moja ya mkononi yatosha kuzirekodi. Somo la fasihi simulizi laweza kutenga kipindi kimoja kuhakiki wimbo uliotungwa na mwanafunzi wa shule ile ile. Chuo cha sanaa kiko Bagamoyo, katika mkoa wetu huu huu. Mwenye kipaji apelekwe akaone na kuonwa. Nao wanafunzi wasidhani kwamba uhakiki ni kazi ya wakubwa. Aliye rika moja na mwanamuziki ndiye wa kwanza kumsikia, na kwa hiyo ndiye wa kwanza kuwa na wajibu.

Mcheza kwao hutunzwa, lakini methali hii haijitekelezi yenyewe. Inamhitaji mtu mmoja ainuke wakati wengine wanacheka. Jioni ile Misugusugu kiti changu kilikuwa safu ya pili, na jukwaa halikuwa mbali.