Kerneli Isiyohitaji Nywila: Salama kwa Nani?

Nilipokuwa mwaka wa pili hapa Mbale, tulipewa kazi ya kubadilisha sehemu ya kerneli ya Linux inayogawa zamu za prosesa. Nywila ya msimamizi hatukupewa, na ni haki: mwanafunzi akiangusha kerneli, mashine nzima inaganda. Tukakimbilia User Mode Linux, kazi ya Jeff Dike iliyoanza 1999 na kuingizwa katika Linux yenyewe mwaka 2002.

Wazo lake bado linanipendeza kuliko mengi niliyosoma chuoni. Kerneli, ambayo kwa kawaida hushika vifaa vya mashine moja kwa moja, inajengwa kama programu nyingine yoyote. Unaandika make ARCH=um, unapata faili iitwayo linux, unaiendesha kama kikokotoo. Ikianguka, inaanguka peke yake. Asubuhi moja niliiangusha mara kumi na moja, na mwenzangu aliyekuwa akichapa ripoti kwenye mashine hiyohiyo kupitia mtandao hakujua lolote.

Ila tunaisifu kupita kiasi. Likizoni nilikuwa nyumbani Jinja, na kompyuta ya shangazi. Bando halikutosha kupakua picha ya diski, nikatumia hostfs, inayoipa kerneli ya ndani faili za mashine ya nje. Nikafuta saraka ya majaribio, kumbe nimekosea njia. Kerneli haikuanguka, kompyuta haikutetereka. Zilizopotea ni picha za mazishi ya babu.

“Mwanangu, si ulisema hiki kitu hakiwezi kuharibu chochote?”

Sikuwa na jibu. Hostfs hufanya kazi kwa ruhusa za aliyeianzisha. Niliingia kwa akaunti yake, basi alichoweza kukifuta yeye, nami niliweza. Kunyimwa nywila hulinda mfumo. Picha za familia si mfumo.

Kosa ni langu zaidi kuliko la Dike, maana njia bora ipo: faili ya COW huandika mabadiliko kando na kuiacha diski ya asili kama ilivyo. Upungufu wa kweli uko kwingine. Programu ya kuendesha kadi halisi ya mtandao ni vigumu kuijaribu humo, kwa kuwa kwa kawaida kadi yenyewe haimo. Hapo afadhali QEMU ya Fabrice Bellard (2003), inayoiga mashine nzima, nayo bila nywila, ingawa pasipo KVM inajikokota.

Mwongozo wetu wa maabara unaanza na hostfs kwa sababu ni mistari miwili tu. Mimi ningeanza na COW, na hostfs ningeiweka wiki ya tatu.