Kitabu cha Safari cha Dr. Krapf: Je, Chatufaa Walimu?

Kitabu tunachokusudia kukinena hapa si kipya. Kilichapwa kwa Kijerumani mwaka 1858, na kwa Kiingereza huko London mwaka 1860. Nacho ni habari za Dr. Johann Ludwig Krapf, za safari zake, uchunguzi wake na kazi yake ya misioni katika muda wa miaka 18, kwanza Uhabeshi, kisha pwani ya Mombasa. Walimu wengi wamezisikia habari zake, wachache wamekisoma. Darasani husimuliwa mambo machache tu: ya kwamba mwenziwe Rebmann aliuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, ya kwamba yeye mwenyewe aliuona mlima wa Kenya tarehe 3 Desemba 1849, na ya kwamba wako mabwana wa elimu huko London waliokataa kusadiki kuwa theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Mambo hayo ni kweli, walakini siyo tuyatafutayo hapa. Sisi twauliza jambo jingine: kitabu hiki chatuambia nini juu ya siku ya kawaida ya mtu aliyetoka kwao akaenda kuwahubiri watu wa nchi ngeni? Na hayo kinayotuambia, tuyapokeeje?

Swali hili si la mchezo. Wako walimu wasiotaka kitabu hiki kisomwe mbele ya wanafunzi, kwa kuwa, wasema, chawatukana babu zao. Wako na wengine wakisifuo chote pia, kana kwamba ni sehemu ya Maandiko. Sisi hatukai upande wa hawa wala wa hawa, nasi tutatoa sababu zetu.

Kwanza tukisifu kwa haki yake. Krapf haandiki kama mtu anayetaka kuonekana shujaa. Tazama siku ile ya tarehe 25 Agosti 1846, alipohama Mombasa pamoja na Rebmann kwenda kuanza kazi Rabai Mpya. Mtu mwingine angaliandika juu ya sala, na bendera, na watu waliokuja kuwalaki njiani. Yeye aandika ya kuwa usiku uliotangulia homa iliwashika wote wawili, wakaondoka hali wamedhoofika kabisa, nao walikuwa na punda mmoja tu wa kupokezana, huyu akipanda na huyu akijikokota kwa miguu, hata wakafika kwenye mwinuko wa kilima. Hivyo ndivyo misioni ya kwanza ya bara ile ilivyoanza, kwa wagonjwa wawili na punda mmoja. Kila padre aliyepelekwa kituo kipya wakati wa masika atajua kwamba mwandishi huyu hasemi uongo.

Vivyo hivyo habari za mkewe, Rosine. Walifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka ule ule alijifungua mtoto wa kike, akafa kwa homa tarehe 13, na mtoto akamfuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani kwa homa ile ile. Wakamzika upande wa bara, kukabili kisiwa. Mwandishi hapambi neno. Twaona kurasa hizo chache zapita maandishi mengi ya misioni yaliyokuja baadaye, ambayo hayawezi kutaja kifo pasipo kukifanya hotuba.

Sasa tuje kwenye habari ambayo kwa maoni yetu ndiyo iliyo na thamani kuliko zote, nayo wasomaji wengi huipita wakicheka. Mara nyumba ilipokuwa tayari huko Rabai, Krapf aliwakusanya watu wapatao 15, akawaeleza maana ya kuja kwake, akawaalika waje kila Jumapili. Alipokwisha kusema, mzee mmoja akauliza: Utatupa nini tule tukija? Kama upo wali na ng'ombe, watakuja daima. Kama hapana, watakaa kwao, kwa maana hakuna Mnyika aendaye kwenye maneno pasipo kula na kunywa. Krapf akiri kwamba jambo hili lilimvunja moyo. Lilimshusha, asema, kutoka matumaini yake makubwa.

Wasomaji wa Ulaya walilichukua jibu hilo kuwa dalili ya ulafi, na mhubiri mmoja baada ya mwingine amelitumia kuonyesha ugumu wa mioyo ya watu. Lakini litazameni neno lenyewe, *maneno*. Hapa si maneno ya kinywa tu; ni baraza, ni shauri, ni mkutano ulioitwa na mtu mwenye haja. Na desturi ya kaya zile ni ya kwamba mwenye kuita ndiye mwenye kulisha. Mtu akileta daawa mbele ya wazee wa kambi huleta na kitu cha kuwakalisha. Akioza, akizika, akitaka shamba, ni vivyo hivyo. Basi mgeni huyu amekuja, amejenga, amewaita watu katika nyumba yake, tena ataka kuwaita kila baada ya siku saba mpaka mwisho wa dunia! Mzee alimwuliza swali la mtu mwenye akili: Wewe uliyeita, je, waijua haki ya mwitaji? Hakuna matusi ndani yake, wala ulafi. Twathubutu kusema kwamba mzee yule alikuwa akimfanyia heshima, kwa kuihesabu ibada yake kuwa shauri la haki, si upuzi wa mgeni.

Krapf hakulijua hilo siku ile. Lakini angalieni uaminifu wake: hakulielewa jibu, nalo lilimwumiza, hata hivyo aliliandika, pamoja na sababu yake na neno lake la asili. Kwa ajili hiyo sisi twaweza leo kulisoma kwa maana ambayo yeye hakuiona. Na hapa ndipo ilipo kanuni tunayowapendekezea walimu. Pale Krapf anapoandika waliyoyasema watu na waliyoyatenda, mwaminini. Pale anapohukumu yaliyo mioyoni mwao, ngojeni kwanza mwulize wazee.

Chukueni mfano wa mwanza, ile ngoma ya kusugua iliyovuma usiku katika kaya, ambayo wanawake na watoto na wasiotiwa katika siri yake walipaswa kujificha isikiapo. Krapf aieleza vizuri, jinsi isikiavyo na jinsi watu wakimbiavyo. Kisha aihukumu kuwa chombo cha kutisha watu tu. Hatuwezi kumkatalia kwamba ilitisha. Lakini kaya isiyokuwa na askari wala gereza ilihitaji sauti ya kuwakalisha watu chini ya sheria, na hiyo ndiyo ilikuwa sauti yao. Tena tembo la mnazi, ambalo kwa Kigiriama huitwa *uchi* (na mwalimu mgeni asishtuke alisikiapo neno hilo): manung'uniko ya Krapf juu yake hayana mwisho. Kwa habari ya ulevi hatumlaumu, maana tumeyaona mazishi yaliyoharibika kwa ajili yake. Twamlaumu kwa kuwa hakuona tofauti ya tembo la kulewa na tembo la kumiminia koma, yaani roho za waliokufa, ingawa habari za koma amezieleza yeye mwenyewe mahali pengine katika kitabu kile kile.

Jina lenyewe la *Wanyika* alilipokea kwa watu wa Mombasa. Nyika ni pori. Mwenye kuwaita hivyo ni mtu wa mji awatazamaye kutoka mjini. Wenyewe tangu miaka ya 1940 wamejiita Mijikenda, miji tisa. Si kosa la Krapf kutumia jina alilolikuta, lakini ni kosa letu tukiendelea nalo. Na akitokea mtu wa kukifasiri kitabu hiki kwa Kiswahili, jambo tulitamanilo sana, tunamsihi asiandike *washenzi* kila mahali penye neno la kudharau. Neno hilo ni tusi la watu wa pwani kwa watu wa bara, nalo lina harufu ya misafara ya watumwa. Neno *wapagani* linatosha palipo na maana ya dini. Na palipo na maana ya watu tu, aandike watu.

Habari za safari ndefu tutazipita upesi, kwa sababu ndizo zilizokwisha kusifiwa. Ile ya mwaka 1851 katika Ukambani, mkuu Kivoi alipouawa na Krapf akakimbia peke yake porini, akichukua maji ndani ya mwanzi wa bunduki na katika mfuko wa darubini yake, ni hadithi ya kushika roho, na wavulana wataisikiliza bila kukohoa. Lakini haimfundishi mwalimu kazi yake.

Lenye faida zaidi kwetu ni neno moja katika safari ya Rebmann ya mwaka 1848, iliyoandikwa na Rebmann mwenyewe na kutiwa na Krapf katika kitabu hiki. Rebmann alipoona weupe juu ya Kilimanjaro, alimwuliza kiongozi wake ni nini. Kiongozi hakuwa na jina la kitu kile. Akajibu kwamba ni *baridi*. Wachaga wenyewe, walioishi chini yake, walikuwa na jina Kibo. Mabwana wa London, na Bw. Cooley mbele yao, walibishana miaka mingi juu ya theluji kwa vitabu vya kale. Hawakulipima jibu la mtu wa msafara, ambaye hakujua theluji ni nini, lakini alijua kwamba kile cheupe ni kitu cha baridi. Ushahidi ulikuwa ndani ya lugha.

Na hapo twafika kwenye upungufu wa kitabu tunaouona kuwa mkubwa kuliko hukumu zake kali. Watu waliomwezesha Krapf kuishi na kusema wapita katika kurasa zake kama vivuli. Wakubwa hutajwa: Seyyid Said, aliyempa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, Kivoi, na Kadhi wa Mombasa, Ali bin Mueddin wa Barawa, ambaye kwa msaada wake Krapf alianza mwezi wa Juni 1844 kufasiri kitabu cha Mwanzo. Jambo hili la mwisho lastahili kuwaziwa. Mwezi mmoja kabla ya kumzika mkewe, mhubiri wa Kikristo na kadhi wa Kiislamu walikaa pamoja wakitafuta maneno ya Kiswahili kwa habari ya kuumbwa kwa mbingu na nchi. Sura tatu za kwanza za kazi ile zilichapwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la chama cha elimu ya Mashariki. Tungalitoa kurasa nyingi za milima ili tupate ukurasa mmoja wa mazungumzo yao: neno gani lilikataliwa, na nani alilikataa, na kwa sababu gani.

Lakini aliyepika wakati wa homa, aliyechota maji kilimani Rabai, wachukuzi waliobeba mizigo mpaka Ukambani, hao kwa sehemu kubwa ni *watumishi* na *wachukuzi* tu. Hata Mringe, yule kiwete maskini aliyekuja kumsikiliza Krapf, akabatizwa karibu na kufa kwake, twamwona kwa macho ya mwalimu wake. Maneno yake mwenyewe ni machache. Naye ndiye mtu wa kwanza wa kanisa lile.

Mtu atasema kwamba hiyo ilikuwa desturi ya vitabu vya wakati ule. Kweli. Lakini Krapf huyu huyu ana kitabu kingine, nacho kinamhukumu. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Kanoni Binns aliitengeneza upya, ikachapwa mwaka 1925. Atakayeisoma ile ya kwanza atakutana na Krapf mwingine. Hana haraka. Neno la jikoni, la chombo cha baharini, la uganga, la kilimo, kila moja amelikalia na kulieleza pamoja na desturi yake, naye hamkemei mtu. Katika kitabu cha safari aliwaandikia watu wa Ulaya waliokuwa wakitoa sadaka za misioni. Katika kamusi aliwasikiliza watu wa Mombasa na Rabai. Mwenye kutaka kujua siku zake zilivyopita hasa, jioni hata jioni, na aisome kamusi kando ya safari. Ndipo atakapoona kwamba saa nyingi za kazi yake hakuzitumia kuhubiri wala kusafiri; alikuwa ameketi na mtu, akiuliza: Hiki mwakiitaje?

Basi kisomwe darasani? Twasema ndiyo, kwa wanafunzi wakubwa, na isiwe pasipo mzee wa kaya kuwapo penye kusoma, ikiwezekana. Katika kituo kimoja tulisikia habari ya wali na ng'ombe ikisomwa mbele ya wazee wawili. Vijana walicheka. Wazee hawakucheka, mmoja wao aliuliza tu, Basi, aliwapa?

Rebmann alibaki pwani hata mwaka 1875, muda wa miaka 29, macho yake yakapofuka. Alipoondoka kurudi kwao, aliyekwenda naye kumwongoza alikuwa kijana wa kanisa la Rabai, Isaac Nyondo. Safari hiyo haimo katika kitabu cha Krapf, kwa kuwa kilikuwa kimekwisha kuchapwa miaka 15 kabla yake. Nasi tungependa kuisoma kuliko zote zilizomo.